Kaburi la Peete: Habari za Mfalme Moshoeshoe Aliyekataa Kulipa Kisasi

Yubile, kwa desturi ya Maandiko Matakatifu, ni mwaka wa kuachilia. Katika kitabu cha Walawi twasoma ya kuwa kila mwaka wa 50 Waisraeli waliamriwa kupiga baragumu katika nchi yote, ili kila mtu arudi katika urithi wake, na yule aliyejiuza kwa umaskini aende zake huru. Kwa hiyo tumeona vema kwamba katika kitabu hiki cha ukumbusho, pamoja na habari za kujengwa kwa makanisa na shule zetu, iwemo pia habari ya Mwafrika mmoja aliyejua kuachilia deni lililo zito kuliko yote, yaani deni la damu. Mtu huyo ni Moshoeshoe, mfalme wa Wasotho. Alipofanya jambo tutakalolisimulia hakuwa Mkristo, wala hakuwa amepata mmisionari wa kumfundisha. Ndiyo sababu twapenda walimu wetu wamsome kwa makini, na wazee wa mitaa wamsikie.

Nchi yake leo yaitwa Lesotho. Ni nchi ndogo yenye milima mirefu, na pande zote imezungukwa na Afrika ya Kusini. Zamani za Waingereza iliitwa Basutoland, hata ilipopata uhuru wake tarehe 4 Oktoba 1966. Moshoeshoe alizaliwa huko yapata mwaka wa 1786, mahali paitwapo Menkhoaneng. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo tu, na babu yake aliitwa Peete. Wasomaji walishike jina hili la Peete, maana habari yetu yote yamhusu yeye.

Jina alilopewa mtoto huyu alipozaliwa ni Lepoqo. Jina la Moshoeshoe alilipata ujanani, alipokwenda kuteka ng'ombe wa mkuu mmoja jirani, kisha akajisifu ya kuwa amemnyoa ndevu zake. Na neno lenyewe ni mwigo wa sauti ya wembe unaponyoa. Basi, tuone ajabu hii: jina ambalo kwalo twamkumbuka kuwa mtu wa amani lilitoka katika unyang'anyi. Tena Wasotho wenyewe hawafichi ya kuwa katika ujana wake alikuwa mwepesi wa hasira, akaua watu kwa makosa madogo. Hatusemi haya ili kumvunjia heshima. Twasema ili msomaji asije akadhani ya kuwa mtu huzaliwa na moyo wa kusamehe kama azaliwavyo na rangi ya macho. Moyo ule hufundishwa.

Aliyemfundisha ni mzee mmoja mwenye sifa kubwa kwa hekima na uganga, jina lake Mohlomi, aliyekufa yapata mwaka wa 1815. Husimuliwa ya kuwa kijana huyu alimwendea Mohlomi akitaka dawa ya kumpa ukuu. Mzee akamjibu ya kuwa utawala hauna dawa, ila dawa yake ni moyo. Akamwonya awapende maskini, apende amani kuliko vita, awatawale watu kama baba atunzavyo watoto wake, wala asiwaue watu kwa kusingiziwa uchawi. Maneno haya hayakuzaa matunda siku ile ile. Yalikaa ndani yake kama mbegu ikaavyo ardhini ikingoja mvua, na mvua yenyewe ilikuja kwa namna ya msiba.

Yapata mwaka wa 1822 nchi zile zilianza kuharibika kwa vita. Makabila yaliyofukuzwa upande wa pwani yalivuka milima ya Drakensberg yakitafuta malisho na chakula. Waliopigwa nao wakawapiga wengine waliokuwa mbele yao. Wasotho huziita siku hizo Lifaqane. Mashamba yaliachwa bila kulimwa, ng'ombe wakatekwa, ghala zikachomwa moto. Ikawa njaa kali, hata watu wengine waliokuwa wakulima na wachungaji kama wenzao wakakimbilia mapangoni, wakaanza kula nyama ya watu. Jambo hili lachukiza kulisema mbele ya watoto, lakini hatuwezi kuliacha, maana bila hilo hatutajua uzito wa msamaha uliofuata.

Moshoeshoe na watu wake walikuwa wamejikinga juu ya mlima wa Butha-Buthe. Mwaka wa 1824 walizingirwa na Watlokoa, waliotawaliwa na mama mmoja shujaa, MaNthatisi, kwa niaba ya mwanawe Sekonyela. Njaa ilipowazidi, Moshoeshoe aliona ya kuwa mlima ule hautawatosha siku nyingine. Akapata habari ya mlima mwingine upande wa kusini, wenye uwanda mpana juu yake, na chemchemi za maji, na njia chache tu za kupandia. Basi, wakati wa baridi kali, wakafunga safari ya yapata maili 70, wanaume na wanawake, watoto na wazee, pamoja na mifugo iliyosalia. Mlima huo ni Thaba Bosiu, maana yake Mlima wa Usiku.

Katika safari hiyo wazee na wagonjwa walibaki nyuma. Miongoni mwao alikuwa Peete. Wale wala watu wa mkuu mmoja aitwaye Rakotsoane wakamvizia njiani, wakamkamata, wakamla.

Moshoeshoe akakaa Thaba Bosiu, na nguvu zake zikaongezeka mwaka hata mwaka. Mlima ule ukawa ngome ya kila aliyekimbia. Hata siku moja ikafika ambayo Rakotsoane na watu wake hawakuwa na mahali pa kujificha tena, wakawa mikononi mwake. Watu wa Thaba Bosiu wakataka wauawe. Na nani angewalaumu? Mokhachane, mtoto wa Peete, alikuwa hai bado, akikaa pamoja nao mlimani. Kwa sheria ya damu, kama ijulikanavyo karibu na makabila yote ya Afrika na ya ulimwengu, deni lilikuwa wazi, na mwenye kudai alikuwa na nguvu ya kulipwa.

Moshoeshoe akakataa. Naye hakukataa kwa kusema ya kuwa kosa si kubwa, wala kwa kuwaambia watu wasahau. Aliwaambia ya kuwa watu hawa wamekuwa kaburi la babu yake, maana mwili wa Peete umo ndani yao, na mtu mwema hafukui wala hachafui kaburi la wazee wake. Kisha akaamuru ng'ombe wachinjwe. Kwa desturi ya Wasotho, kaburi hutakaswa kwa kupakwa yale yaliyomo tumboni mwa mnyama aliyechinjwa. Basi wale watu wakapakwa miilini mwao kama vile lipakwavyo kaburi, na hivyo Peete akapewa heshima ya maziko ambayo hakuipata. Husimuliwa tena ya kuwa akawapa ng'ombe na mahali pa kukaa, ili waache maisha yale ya mapangoni na kurudi katika kulima na kuchunga. Wakawa raia zake.

Hapa twawaomba wasomaji watulie kidogo. Katika tendo hili twaona mambo matatu ambayo mara nyingi twayatenganisha.

La kwanza, Moshoeshoe hakuficha ubaya uliotendeka. Kumwita mtu kaburi la babu yako ni kumwambia usoni alilolifanya. Wahenga wetu husema: Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Mithali hii ni ya kweli, lakini mara nyingi twaitumia vibaya, kwa kumnyamazisha aliyeumizwa. Aliyepoteza shamba, au mwana, au jina lake jema, huambiwa yaliyopita yamepita, naye hurudi nyumbani na kidonda chake kimefunikwa tu. Moshoeshoe aliyaganga yaliyopita kwanza. Peete alitajwa kwa jina, alizikwa, aliliwa matanga. Ndipo yajayo yakapata nafasi.

La pili, hakuileta njia ya msamaha kutoka mbali. Aliichukua katika desturi zile zile za wazee wake. Wote waliomzunguka walijua heshima ya kaburi. Kwa hiyo walipokatazwa kisasi hawakuambiwa wauache Usotho wao, bali waambiwa waushike zaidi. Twafikiri hii ndiyo sababu neno lake lilikubaliwa. Mkuu akisema samehe tu, watu hunyamaza kwa hofu, na usiku hunoa visu vyao. Bali akiwaonyesha njia ambayo miguu yao yaijua, wataifuata.

La tatu, alitazama chanzo cha ubaya. Watu wale hawakuzaliwa wala watu. Njaa na vita ndivyo vilivyowafanya hivyo. Kama angewaachilia mikono mitupu wangerudi mapangoni. Aliwapa ng'ombe. Ndiyo ilikuwa kawaida yake kwa wakimbizi wengi: aliwakabidhi ng'ombe wake wawachunge na kunywa maziwa yao, hali ng'ombe wenyewe wakibaki mali yake. Desturi hiyo Wasotho huiita mafisa. Kwayo mtu asiye na kitu alipata chakula na heshima, tena akafungamana na mkuu wake. Hivyo makundi yaliyotawanyika, mengine yenye lugha nyingine, yakawa taifa moja.

Mtu aweza kuuliza: Je, haikuwa hila ya utawala tu? Moshoeshoe alihitaji watu, na aliyekufa halimi wala hashiki mkuki. Nasi twajibu ya kuwa hapana shaka aliyajua hayo. Wasotho wana mithali isemayo ya kuwa mkuu ni mkuu kwa sababu ya watu. Lakini wakuu wengi wa siku zile walihitaji watu vile vile, na wengi wao hawakusamehe. Hekima na huruma si maadui. Na mtu akifanya jema ambalo pia lina faida, jema halikugeuka kuwa baya.

Tena haikuwa mara moja tu. Mwaka wa 1831 jeshi la Wandebele wa Mfalme Mzilikazi lilikuja kuushambulia mlima wa Thaba Bosiu. Wasotho wakajitetea kwa nguvu zao zote. Wakaporomosha mawe makubwa juu ya wale waliokuwa wakipanda, wakawarudisha nyuma. Wandebele walipokuwa wakiondoka kwa aibu na njaa, mara wakaona mtu ajaye nyuma yao akiswaga ng'ombe wanono. Alikuwa mjumbe wa Moshoeshoe. Akawapa salamu za bwana wake, akawaambia ya kuwa anadhani ni njaa iliyowaleta katika nchi yake, basi wale ng'ombe hao njiani wakirudi kwao. Mmisionari Casalis aliandika habari hii katika kitabu chake juu ya Wasotho. Wandebele hawakurudi tena kupigana naye.

Watu wavivu wa moyo hupenda kuitaja habari ya ng'ombe na kuyasahau mawe. Tusiyasahau. Moshoeshoe hakuwafungulia adui lango ili wawaue watoto. Alipigana hata hatari ikapita. Lakini hatari ilipopita, aliacha kupigana. Hapo ndipo penye tofauti ya kujilinda na kulipa kisasi: mwenye kujilinda anajua mahali pa kukoma, bali mwenye kisasi hajui.

Mwaka wa 1833 wamisionari watatu Wafaransa, Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin, walifika Thaba Bosiu. Moshoeshoe mwenyewe ndiye aliyetaka waje, baada ya kusikia habari za wamisionari kwa mwindaji aitwaye Adam Krotz. Wakaanza kazi yao Morija. Baadaye, mwaka wa 1862, wakaja wamisionari Wakatoliki, Askofu Allard na Padre Joseph Gérard, nao wakapewa mahali. Wote walimkuta mtu ambaye alikuwa amekwisha kutenda baadhi ya yale waliyokuja kuyafundisha. Walimu wetu na walikumbuke hili wanapoingia katika kijiji kipya. Mungu hamngoji mwalimu afike ndipo aanze kazi yake.

Hata mwaka wa 1852 Moshoeshoe alijaribiwa kwa namna nyingine. Gavana Mwingereza, Sir George Cathcart, alikuja na jeshi, akadai alipwe ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu, kwa ajili ya wizi wa mifugo uliokuwa ukifanyika mipakani. Wasotho wakaleta ng'ombe wapata 3,500. Tarehe 20 Desemba vita vikapiganwa karibu na mlima wa Berea, na Waingereza wakaona ya kuwa kazi ni ngumu kuliko walivyodhani. Usiku ule ule Moshoeshoe akampelekea Gavana barua. Mtu mwingine angeandika majivuno. Yeye aliandika kama mtu aliyeadhibiwa: ng'ombe mmekwisha kuchukua, adhabu na itoshe, na tuwe na amani. Gavana akaikubali barua ile, akaondoa jeshi lake. Twaona ya kuwa alikuwa radhi kuonekana ameshindwa ili watu wake wasife. Twafahamu wakuu wachache wawezao kulipa bei hiyo, maana majivuno ya mkuu mara nyingi hulipwa kwa damu ya vijana wasiokuwa na neno.

Na mafundisho ya mzee Mohlomi hakuyasahau. Mwaka wa 1855 alitangaza sheria ya kukataza kuwaua watu kwa tuhuma ya uchawi, na kwamba atakayeua kwa sababu hiyo atahesabiwa kuwa mwuaji. Twaitaja sheria hii kwa makusudi. Kisasi hakiji sikuzote na mkuki mkononi. Mara nyingi huja kwa kunong'ona: mtoto amekufa, na mama mzee asiye na mtu wa kumtetea atajwa jina. Katika nchi zetu wako wazee waliouawa kwa njia hiyo, na macho mekundu ya moshi wa jikoni yakahesabiwa kuwa ushahidi.

Haitufai kusema ya kuwa msamaha ulimwepusha Moshoeshoe na kila taabu. Alipigana vita vingine, na watu wake walitekana mifugo na jirani zao kwa zamu. Makaburu wa Orange Free State walipigana naye mwaka wa 1858, na tena tangu mwaka wa 1865 hata 1868, wakamnyang'anya mashamba mazuri ya ng'ambo ya mto Caledon. Akiwa mzee na mchovu aliomba ulinzi wa Waingereza, na tarehe 12 Machi 1868 nchi yake ikatiwa chini yao. Mashamba yale mengi hayakurudi. Alikufa tarehe 11 Machi 1870. Alikuwa ameazimia kubatizwa, lakini mauti yalimkuta kabla ya siku iliyowekwa.

Basi, alituachia nini? Kwanza, alituachia taifa. Wakuu waliokuwa na majeshi makubwa kuliko yake walitawanyika, na nchi zao zikamezwa na nchi nyingine. Bali Wasotho wa mlima ule wangaliko, wana nchi yao na mfalme wa ukoo wake. Mpaka leo Wasotho wakikutana husalimiana kwa neno Khotso, yaani Amani; na neno hilo ndilo la kwanza katika maneno matatu ya ngao ya taifa lao: Amani, Mvua, Neema. Kila tarehe 11 Machi humkumbuka. Na miongoni mwa wale wanaomkumbuka, hapana budi wamo wajukuu wa watu wa Rakotsoane. Kama wangeuawa siku ile, wajukuu hao wasingezaliwa. Na wajukuu wa waliowaua wangerithi hofu ya kulipizwa.

Ndugu wasomaji, katika mitaa yetu hatuna wala watu. Lakini tunao watu wasiosalimiana tangu siku za babu zao kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tunazo nyumba mbili zikaazo upande huu na upande huu wa kanisa, zikipokea sakramenti moja, wala hazichangiani harusi wala maziko. Tukiuliza chanzo, mara nyingi wasemao ni wale ambao hawakuwako jambo lilipotendeka. Wamerithi deni bila kurithi kumbukumbu.

Twawashauri wazee wa kanisa wafuate njia ya Moshoeshoe katika mwaka huu. Wasianze kwa kuwaambia watu wasahau. Na wakae pamoja, walitaje kosa kwa jina lake, wamtaje na aliyeumizwa. Kisha watafute katika desturi zetu wenyewe yale yanayofaa: kula chungu kimoja, kupeana mkono mbele ya mashahidi, kusafisha kaburi pamoja. Na kama aliyekosa alikosa kwa sababu ya ufukara, wasimwache arudi katika ufukara ule ule.

Nanyi walimu, watoto wakipigana uwanjani, msiwaamuru tu kupeana mkono ilhali mioyo yao yawaka. Ulizeni kwanza kilichotokea, mkisikilize chote, hata kama muda wa hesabu wapita. Hesabu zitafundishwa kesho. Mtoto aliyesikilizwa leo atakapokuwa mkuu wa nyumba yake, labda naye siku moja atamwona adui yake amesimama mbele yake bila nguvu, na watu wote wakipiga kelele auawe. Hapo hatakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza.